Nipe Mji

Katika kata ya Kawajense, Manispaa ya Mpanda, lipo banda moja la mabati ambalo ndani yake zimewekwa runinga mbili na mashine mbili za PlayStation, na ambalo kila jioni, shule zikishafungwa na shughuli za soko zikishapungua, hujaa vijana ambao hulipa shilingi 200 kwa mechi, wakakaa juu ya benchi la mbao, wakashika pedi ambazo alama za vitufe vyake zimekwisha kufutika kwa wingi wa vidole vilivyopita juu yake, na wakaziongoza timu za Uingereza na Uhispania kwa ustadi ambao mtu asiyewajua angedhani wamezaliwa katika miji hiyo. Niliingia humo jioni moja kumtafuta mpwa wangu, ambaye mama yake alikuwa amemtuma chumvi tangu alasiri, na chumvi haikuonekana wala aliyetumwa hakuonekana. Aliponiona alisimama, akasema, "Shikamoo mjomba," wenzake nao wakaniamkia kwa adabu, na kabla sijamwitikia wa mwisho umeme ukakatika, banda likawa giza, na mechi iliyokuwa imebakisha dakika chache ikapotea.

Nilidhani watatawanyika. Walakini walibaki pale pale gizani wakiungoja umeme, na katika kungoja kwao yalizuka mazungumzo ambayo hayajanitoka moyoni tangu siku hiyo. Mmoja wao, kijana wa miaka kama kumi na sita, alisema kwamba amechoka kuwa mtu wa Manchester kila siku, na kwamba laiti angepatikana mtu wa kutengeneza gemu la Joti, yule mchekeshaji wa runinga, yeye angelicheza hilo peke yake na mengine yote angeyaacha.

"Gemu la Joti utampiga nani?" mwenzake akamwuliza.

"Humpigi mtu. Unaongea tu."

Basi hapo kila mmoja akaleta lake. Huyu alitaka mchezaji aanze akiwa Joti katika vazi la bibi kizee, khanga mbili na mkongojo, avuke mji kutoka stesheni hadi soko kuu akiwa na fedha zake kwenye pindo la khanga, na njia nzima akutane na watu wanaotaka kumlaghai, akiwamo wa bodaboda anayemtajia nauli ya mara tatu na kijana mwenye kuuza asali iliyochanganywa na sukari huku akiapa kwamba imetoka Inyonga. Yule alitaka Masanja Mkandamizaji ateremke kwenye treni ya Tabora na mizigo yake, asimjue mtu, atafute chumba cha kupanga, na mwenye nyumba awe Mpoki, ambaye anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na hapunguzi ila kwa atakayemchekesha. Mwingine alisema sharti iwemo njia ya Karema, ili mchezaji ashuke ziwani kununua migebuka na arudi nayo kabla haijaharibika. Mpwa wangu, ambaye kwa desturi si msemaji, alinyamaza mpaka wenziwe walipokwisha.

"Mzee Majuto akae mwisho kabisa wa gemu," alisema, "na asishindike. Kila utakalomwambia, awe na jibu."

Pakawa kimya kidogo, na kwa kimya kile nilijua kwamba wote wamekubali.

Nimeyarudia maneno haya kwa urefu kwa sababu naamini yana maana kubwa kuliko walivyodhani wasemaji wenyewe, na kwa sababu watu wazima tumezoea kupita mbele ya mabanda haya tukitikisa kichwa, tukahukumu kwamba humo hamna ila upotevu wa wakati na wa shilingi. Vijana wale, hali hawana kompyuta wala mwalimu wa fani hiyo, walikuwa wametunga kwa nusu saa ya giza mpango wa gemu ambalo halipo katika lugha yetu, na walikuwa wameliweka juu ya msingi uliokuwa sahihi tangu neno la kwanza: humpigi mtu, unaongea tu. Rai yangu ni kwamba gemu hilo lastahili kujengwa, lijengwe kwa Kiswahili tena na watu wa Kiswahili, na kwamba shida yake kubwa haimo katika mashine.

Tuanze na wale wanaotajwa. Vijana wengi wa banda lile walikuwa wachanga, au hawajazaliwa, wakati lile kundi la Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, McRegan na Vengu lilipokuwa likitangazwa na EATV kwa jina la Ze Comedy, na baadaye, lilipohamia TBC, kwa jina la Orijino Komedi. Naye Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, wanamjua akiwa marehemu. Hata hivyo wanawajua wote kama wanavyowajua majirani zao, kwa vipande vinavyozunguka katika simu na, zaidi ya hapo, kwa vinywa vya wazazi wao, maana katika nyumba nyingi za Mpanda yapo maneno ya wachekeshaji hao ambayo yamekwisha kuwa sehemu ya lugha ya nyumbani, na mama humkemea mtoto kwa sauti ya Joti bila ya kukumbuka kwamba si sauti yake.

Wala wao hawakuwa wa kwanza. Kabla ya runinga kufika Tanganyika, na runinga yenyewe haikupata vituo vyake huku bara ila mwaka 1994, Radio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, walaghai wawili ambao kila mmoja alijiona mwerevu kuliko mwenzake na ambao jina lao lilitoka katika methali. Na sauti zao zilifika huku kwetu, mahali ambapo reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na ambapo kwa miaka mingi sana habari za dunia ziliingia kwa treni au kwa mawimbi ya redio na si kwa njia nyingine. Kenya nayo ilikuwa na Vitimbi vya Mzee Ojwang' na Mama Kayai, na Vioja Mahakamani. ITV ikaja na Mizengwe. Star TV ya Mwanza ikaja na Futuhi.

Namwomba msomaji asiyapite majina haya mbio mbio. Vitimbi ni hila na mikasa ya watu wanaotegana. Vioja ni mambo ya kustaajabisha. Mizengwe ni ujanja wa kupinda njia iliyonyoka. Futuhi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni yale yanayoufungua moyo ukacheka. Lugha ambayo ina maneno yote hayo, na vituko, na mzaha, na masihara, na dhihaka, na kejeli, na utani juu yake, na ambayo kila neno katika hayo lina ladha yake isiyo sawa kabisa na ya jirani yake, ni lugha ambayo wenyewe wameifikiria sana habari ya kucheka: nani anacheka, anamcheka nani, kwa haki gani, na mpaka wapi. Mtu anayetunga gemu huanza kwa kuuliza mchezaji anafanya nini, anazuiwa na nini, na anapata nini akishinda. Katika majina ya tamthilia zetu za kuchekesha majibu ya maswali hayo yamekwisha kuandikwa.

Nchi nyingine wamegeuza vichekesho vyao kuwa magemu tangu zamani. Tamthilia ya katuni ya Wamarekani, The Simpsons, ilitengenezewa magemu mengi, na lile la mwaka 2003 lililoitwa The Simpsons: Hit & Run linapendwa hadi leo, kwa kuwa mchezaji alizunguka katika mji wenyewe wa tamthilia na akasikia sauti za waigizaji wenyewe; na mwaka 2014 watungaji wa South Park, walipokubali gemu la The Stick of Truth, waliandika maneno yake kwa mikono yao na wakataka kila kitu kionekane kama kinavyoonekana katika runinga. Kwetu, Nairobi ilipata Ma3Racer mwaka 2011, gemu la simu la dereva wa matatu, na Nairobi X mwaka 2015. Na wale ambao hawana uwezo wa kutengeneza wamejitahidi kugeuza: gemu la mabasi la Indonesia, Bus Simulator Indonesia, lililotoka mwaka 2017 na ambalo linamruhusu mchezaji kulivika basi rangi apendazo, limejazwa na vijana wa Tanzania na Kenya rangi na majina ya mabasi ya kwetu, hata mtu akiwa kitandani mwake Mpanda aweza kuendesha basi la Kitanzania katika barabara za Java. Kijana anayefanya kazi ile, usiku kucha, bila ya malipo, ili tu alione jina la kwao likipita katika kioo cha simu, anatuambia jambo ambalo tungalipaswa kulisikia zamani.

Lakini kubandika rangi ni jambo moja, na kuitia nafsi yetu katika gemu ni jambo jingine. Magemu mengi yanayouzwa duniani yana njia moja ya kushinda, nayo ni nguvu: ngumi, bunduki, mbio, au mguu wenye kupiga mpira. Tukimchukua Joti wa bibi kizee tukamtia katika gemu la namna hiyo, tukampa rungu apige watu barabarani, au, kwa ubaya zaidi, tukawapa watoto uwezo wa kumpiga yeye, tutakuwa tumempata Joti wa sura na tumempoteza Joti mwenyewe; maana katika tamthilia anayecheka hukaa mbali akatazama, lakini katika gemu anayecheka ndiye atendaye, na kile atendacho mtoto kwa vidole vyake mara mia moja kwa siku hakiwezi kuwa mzaha mtupu. Hapa ndipo ninapoona kwamba kijana wa banda lile alisema neno la hekima. Ushindi wa mchekeshaji wa Kiswahili haukai katika mkono. Unakaa katika ulimi, na gemu lake halina budi kuwa gemu la ulimi.

Nimepata kuambiwa na mtu mmoja anayezijua kompyuta kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa gemu hutaka vitendo na maneno hayachezeki. Simkubalii. Mwaka 1990 kampuni ya Lucasfilm ya Marekani ilitoa gemu la maharamia, The Secret of Monkey Island, ambamo watu hupigana kwa panga, lakini atakayeshinda hajulikani kwa upanga. Hujulikana kwa matusi ya kiungwana, mmoja akatupa neno la kumdhihaki mwenziwe na mwenziwe akatakiwa kulirudisha kwa jibu linalolingana nalo, na asiyekuwa na jibu akarudi nyuma hatua moja. Uzuri wake ni kwamba mchezaji huanza hajui kitu, akashindwa, na kwa kushindwa akajifunza neno alilopigwa nalo, kisha akaenda kulitumia kwa mwingine, mpaka mfuko wake wa maneno ukajaa na akawa tayari kumkabili bingwa. Wajapani wa Capcom nao walitoa mwaka 2001 gemu la wakili Phoenix Wright, ambalo vita vyake vyote hupiganwa mahakamani kwa kubainisha uongo wa mashahidi. Na mtu aliyepata kuiona Vioja Mahakamani, akamsikia mshitakiwa akijitetea mbele ya hakimu kwa hoja zinazopinda kila zinapogeuka, hahitaji kuelezwa kwamba gemu la namna hiyo lingeweza kuzaliwa Nairobi kabla ya kuzaliwa Osaka.

Na sisi tunacho cha kwetu kilicho kikongwe kuliko hivyo vyote. Ni nani aliyelelewa katika Kiswahili asiyejua mchezo wa vitendawili? Anayetega husema, "Kitendawili!" na wenziwe huitikia, "Tega!" Akitega, "Nyumba yangu haina mlango," na wakashindwa, hawaambiwi jibu hivi hivi: huambiwa, "Nipeni mji." Ndipo hapo aliyeshindwa hutoa mji, akasema, "Nakupa Tabora," na mtegaji akaukataa kwa kuwa ni mdogo au hauna bahari, akapewa Dar es Salaam, akaukubali, kisha akasimulia jinsi alivyokwenda Dar es Salaam, akapokelewa, akala pilau, akalala juu ya godoro, na wenyeji wakamwambia kwamba ile nyumba isiyo na mlango ni yai. Nilipokuwa mtoto, bibi yetu hakuwa akikubali kupewa Mpanda. Alisema mtu hawezi kupewa mahali anapokaa. Tulikuwa tukiutoa kila usiku, na kila usiku akitukatalia, na sisi tukabaki kuzungusha macho tukitafuta miji mingine ambayo hatujapata kuiona, Tanga, Mombasa, Kigoma, tukaijua ramani kwa jinsi ya kushindwa vitendawili.

Hilo ni gemu. Lina swali, lina jibu, lina adhabu ambayo ni tamu, lina safari, na lina hazina ya kukusanya, nayo ni miji. Mtu anayetafuta muundo wa gemu la kuchekesha la Kiswahili asiende mbali. Mchezaji na aingie katika mji akiwa Masanja au akiwa bibi kizee. Akutane na wa bodaboda, na mama lishe, na mwenye nyumba, na kila mmoja ampe neno la kumjaribu. Akilijibu apite, asipolijibu atoe mji, asafiri hadi huko, akapokewe na wenyeji kwa lafudhi yao na desturi zao, akajifunze lile jibu lililomshinda, na arudi Kawajense akiwa na ulimi mrefu zaidi kuliko alioondoka nao. Kwa njia hii kushindwa kungekuwa na manufaa kama kushinda, pengine kuyazidi, na mtoto wa Mpanda angeijua Pemba, na mtoto wa Pemba angefika Mpanda, akateremka kwenye treni na akasikia watu wakisema habari za viboko wa Hifadhi ya Katavi waliojazana katika vidimbwi wakati wa kiangazi.

Najua yupo msomaji ambaye hapa atakuwa na hofu, na hofu yake ina haki. Vichekesho vya runinga vimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lafudhi: Masanja ni jina la Kisukuma, Mpoki ni jina la Kinyakyusa, na watazamaji wengi hucheka kabla neno halijaisha kwa sababu tu ya jinsi lilivyotamkwa. Mkoa wetu wa Katavi si mahali pa kulifanyia hilo wepesi. Hapa wapo Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma, na wapo maelfu waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972 wakakaa Katumba na Mishamo, wakapewa uraia baada ya miongo mingi, na ambao watoto wao husoma darasa moja na watoto wetu. Neno moja la kumcheka mtu kwa matamshi yake, likitiwa katika mashine inayolirudia bila ya kuchoka, laweza kumfuata mtoto hadi shuleni na hadi nyumbani.

Jibu langu ni kwamba mababu zetu waliifikiria hatari hiyo kabla yetu, wakaweka utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana, nao hawataniani ovyo: kila mmoja ana haki ya kusema na wajibu wa kuambiwa, na mtani ambaye anatania bila ya kutaniwa huyo si mtani, ni mwonevu. Sheria hiyo moja, ikitiwa ndani ya gemu tangu mwanzo, yatosha. Anayeitania lafudhi ya mwingine apewe papo hapo zamu ya kutaniwa lafudhi yake, na mchezaji asiyestahimili kuchekwa asipewe nafasi ya kucheka. Tena ni sharti maneno ya kila lugha yaandikwe na mwenye lugha hiyo. Mfipa amwandikie Mfipa, na Mha aandikiwe na Mha, maana mzaha wa mtu wa ndani hujua mahali pa kusimama.

Sasa nifikie lile ambalo nalihofia kuliko lafudhi. Kundi lile la Joti na wenziwe lilipotoka EATV, jina la Ze Comedy lilizua mabishano juu ya nani mwenye nalo, na matokeo yake ni kwamba watu wale wale, wenye sura zile zile na sauti zile zile, walijikuta wakitafuta jina jingine la kuitwa. Mzee Majuto, ambaye uso wake ulitumika kutangaza bidhaa nchi nzima, aliugua, na habari ya mikataba yake ya matangazo na malipo yake ikafika mwaka 2018 mpaka mezani kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa; tarehe 8 Agosti mwaka huo huo akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Haya si mambo ya kuyataja kwa kumlaumu mtu. Nayataja kwa kuwa mchekeshaji hana shamba wala kiwanda. Mali yake ni ile nafsi aliyoizua, jinsi inavyotembea na jinsi inavyosema, na mali hiyo ni nyepesi kuibiwa kuliko kuku.

Gemu huizidisha hatari hii. Katika filamu mwigizaji hulipwa kwa siku alizofanya kazi, na filamu ikaisha. Katika gemu hurekodi maelfu ya maneno, kila moja peke yake, na mashine ikayachagua na kuyapanga upya kila mchezaji anapogusa kitufe, basi ataendelea kufanya kazi kila siku, katika kila banda, kwa miaka mingi baada ya kutoka studio. Na sasa zimekuja mashine za akili mnemba ambazo zikisikia sauti ya mtu kwa kitambo kidogo zaweza kusema kwa sauti hiyo maneno ambayo mwenyewe hakupata kuyasema. Mpwa wangu alimtaka Mzee Majuto mwishoni mwa gemu, mwenye jibu kwa kila neno. Leo jambo hilo lawezekana kwa hila hiyo, na mimi nasema lisifanywe, isipokuwa kwa ridhaa ya warithi wake, kwa mkataba, na kwa kiasi watakachokiruhusu. Na ikiwa hawataki, basi akae mwisho wa gemu akiwa kimya, amevaa kofia yake, na mchezaji atakayefika mbele yake amwamkie na apite. Naona hilo lingekuwa na heshima kuliko kumtia kinywani maneno ya watu asiowajua.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, na ile hakishiriki humo ndani inamhusu mtendaji, yaani mwigizaji mwenyewe. Kilichopungua si sheria. Kilichopungua ni kuwa wanaotengeneza huanza kwa kutengeneza, wakakusudia kuzungumza habari ya haki baadaye, na wanaoigiza huanza kwa kuaminiana, wakakusudia kuandika baadaye, na hiyo baadaye ikafika mtu akiwa kitandani hospitalini. Mzee Ojwang' alitutoka mwaka 2015. Charles Bukeko, Papa Shirandula wa Citizen TV, alitutoka Julai 2020. Sauti zao zimebaki katika kanda ambazo zilirekodiwa kwa kazi nyingine, na sijasikia kwamba hata mmoja wao alipata kuulizwa kama angependa kuwa ndani ya gemu, na angependa kusema nini humo.

Umeme uliporudi jioni ile, vijana waliruka kila mmoja akashika pedi yake, na mji wa Manchester ukarudi katika kioo. Nilimchukua mpwa wangu tukaenda dukani kununua ile chumvi. Njiani nilimtegea kitendawili, akashindwa, nikamwambia, "Nipe mji." Akanipa Mpanda. Nikamkatalia.

Basi nawaomba Joti, Masanja, Mpoki na wenzao, na waigizaji wa Mizengwe na Futuhi, na wale wa Vitimbi na Vioja Mahakamani waliobaki, wakae na vijana wetu wanaojifunza kompyuta katika vyuo vya Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na Nairobi, wakati wangali wazima na ndimi zao zingali na makali. Wavialike vituo vya runinga vinavyozihifadhi kanda za zamani. Waandike mkataba kwanza, kisha ndipo wasogee mbele ya kipaza sauti. Na watakapoiandika orodha ya miji ambayo mchezaji aweza kuitoa, wasiisahau Mpanda.